Muulize Mama Kipimo: Bia nyeusi inayonuka machungwa

Mwezi huu mmeniandikia kuhusu bia nyeusi kana kwamba mlikaa kikao. Wale wasiokunywa wageuze kurasa tatu mbele wakute mapishi ya mkate wa sinia, hatugombani. Wanaobaki, karibuni. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenikumbusha mambo.

*

*Shikamoo Mama Kipimo. Shemeji yangu anaishi Portland, Oregon, huko Marekani. Alipokuja likizo alituletea chupa mbili za bia. Lebo imeandikwa "Black IPA", pombe asilimia 8.5, na chini yake "IBU 80". Niliimimina nikitegemea kitu kama Guinness, maana ilikuwa nyeusi tii na povu lake rangi ya kahawa ya maziwa. Kunusa, machungwa! Halafu majani, kama mtu amefyeka bustani asubuhi. Kuonja, uchungu ukanishika koo, haukuachia mpaka nilipokula karanga. Mume wangu akasema imeozea safarini, akamwaga glasi yake kwenye sinki. Yangu niliimaliza kwa ubishi, na nikisema kweli, kuelekea mwisho wa glasi nilianza kuipenda. Imebaki moja. Ilikuwa imeharibika? – Mbishi wa Njiro, Arusha*

Marahaba mwanangu. Bia ilikuwa nzima, na mumeo anadaiwa chupa na ndugu yake.

Nilifanya kazi miaka kumi na tisa katika maabara ya kiwanda cha bia. Kila siku saa nne asubuhi, kabla ya chai, tulikuwa tunaonja. Pamoja na hayo, bia ya namna yako iliponifikia sikujua niishikie wapi. Sisi tuliwinda makosa ya bia ya njano: harufu ya siagi, harufu ya mahindi ya kuchemsha, ladha ya boksi lililolowa. Bia inayonuka balungi ingeturudishia barua ya kujieleza.

Krismasi ya mwaka juzi kijana wangu alikuja Kibosho kuhesabiwa kama Wachagga wote, yeye akitokea Seattle. Ndani ya sanduku, katikati ya soksi, alikuwa na chupa tatu za aina hiyo hiyo. Tukakaa barazani mimi, yeye na baba yake mdogo, mzee aliyevuka themanini, ambaye tangu niolewe ukoo ule sijamwona akinywa bia ya kiwandani. Anasema ni maji ya kusuuzia chupa. Glasi aliikataa, tukammiminia kwenye kata yake ya mbege. Akanusa. Akanywa. Akanyamaza kiasi cha kututia wasiwasi. Kisha akasema, "Hii ina msesewe."

Nimekaa kwenye semina za wataalamu na sijasikia hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, zikielezwa vizuri kuliko hivyo.

Kwa msiotoka mlimani: mbege huanza na ndizi zilizoiva, zinazochemshwa muda mrefu mpaka zigeuke nyekundu, zikaachwa zichache, kisha zikaunganishwa na uji wa ulezi ulioota. Vyote hivyo ni vitamu. Kinachoiokoa mbege isiwe uji wa watoto ni magome ya mti wa msesewe, yaliyokaushwa na kutwangwa. Mama yangu aliyapima kwa kiganja, na kile kiganja alikiamini kuliko mimi nilivyowahi kuiamini mashine yoyote ya maabara. Msesewe ukizidi, wanaume walikunja uso na kuuliza leo kapika nani. Ukipungua, mbege ililala mdomoni kama togwa.

Hopsi ndiyo msesewe wa Ulaya. Ni ua la kike la mmea unaopanda juu ya kamba, dogo kama kidole gumba, la kijani, na magamba yake mepesi kama karatasi. Ukilipasua unakuta unga wa njano unaonata vidoleni. Uchungu umo humo, na harufu imo humo.

Sasa rudi kwenye glasi yako. Ndani yake mlikuwa na uchungu wa aina mbili uliokuja kwa pamoja, ndiyo maana ukachanganyikiwa. Mmoja ni uchungu wa moto: shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi. Huo unaujua toka utotoni, ndio wa kahawa ya kijiweni isiyotiwa sukari, au ukoko wa ugali ulioshika sufuria. Ni mkavu, unafika mapema na kuondoka mapema. Mwingine ni uchungu wa mmea: muarobaini, ngozi nyeupe ya ndani ya ganda la balungi, shubiri wanayopakwa watoto wagumu kuacha ziwa. Huo unachelewa kufika, na ukishafika unatandika mkeka. Ndio uliokukaba mpaka ukatafuta karanga. Katika stauti nyingi, yaani bia nyeusi za jamii ya Guinness, uchungu wa moto ndio mwenye nyumba na ule wa mmea ni mpangaji. Katika bia yako mpangaji amechukua funguo.

Fundi anafanyaje? Shayiri iliyomo humo karibu yote ni kimea cheupe cha kawaida. Cheusi ni kidogo, kwa kawaida chini ya sehemu moja ya kumi, na mara nyingi kimemenywa maganda kabla ya kukaangwa. Ganda ndilo linaloungua vibaya na kuleta jivu pamoja na ukakasi, ule wa ndizi mbichi unaokaza fizi. Punje iliyomenywa inabaki na weusi wake wote ila makali ya masizi yanapungua. Kiwanda cha Weyermann cha mji wa Bamberg, Ujerumani, kinauza kimea cha aina hiyo kwa jina la Carafa Special, na mafundi wengi wa bia hizi hukitumia. Kwa hiyo macho yako yaliona stauti, na ulimi ukapewa kitu kingine. Hukukosea wewe. Bia yenyewe ndiyo iliyokusudia kukuchanganya.

Halafu harufu ya machungwa. Hakuna aliyetia chungwa humo. Hopsi za kaskazini-magharibi mwa Marekani zinanuka hivyo zenyewe. Mojawapo inaitwa Cascade, ilitolewa kwa wakulima mwaka 1972 baada ya kukuzwa Oregon, na harufu yake ni ya balungi moja kwa moja. Nyingine, Chinook, inanuka utomvu wa msonobari. Aliyepita Mufindi karibu na mashamba ya miti ya Sao Hill siku ya jua ataitambua hapo hapo. Siri iko kwenye saa ya kutia. Hopsi zikichemshwa saa nzima na ile togwa ya shayiri, zinaacha uchungu wake, lakini harufu inaondoka na mvuke. Zikitiwa mwishoni moto umezimwa, au zikatumbukizwa baridi kwenye bia iliyokwisha kuchacha, harufu inabaki. Wewe majani ya giligilani huyatii sufuriani pamoja na kitunguu, unayatupia mwisho. Basi fundi wa bia hii katia mara mbili: mwanzoni kwa ajili ya uchungu, mwishoni kwa ajili ya pua.

IBU ni kipimo cha uchungu wa hopsi, na kwa hesabu ya haraka ni miligramu za uchungu huo katika lita moja ya bia. Themanini ni nyingi. Bia za njano za hapa kwetu nyingi hazifiki hata nusu yake. Ila usitishwe na namba. Haihesabu utamu wa kimea uliolala chini, wala pombe inayoutia unene. Togwa yenye IBU 30 ingekukera kuliko bia nzito yenye 80.

Jina lake ni kichekesho. IPA ni kifupi cha India Pale Ale, yaani bia "angavu" ya safari za India, halafu mbele yake wametia "nyeusi". Ni kama kumwita mtu Mrefu Mfupi. Inakumbukwa kuwa Greg Noonan aliipika Burlington, jimbo la Vermont, miaka ya mwanzo ya 1990, akaiuza kwenye baa yake. Watu wa Oregon na Washington nao wakaipenda kiasi cha kutaka ipewe jina la milima yao ya Cascade. Mwaka 2007 kiwanda cha Stone cha California kilitoa ya kwake, asilimia 8.7, kusherehekea miaka 11 ya kiwanda, na baada ya hapo kila fundi akataka kuwa na nyeusi yake. Ugomvi wa jina sijauingilia. Kibosho tunaiita "ile yenye msesewe".

Hiyo chupa iliyobaki, usiitunze. Harufu ya hopsi inakufa haraka, na joto linaiua haraka zaidi. Mimi ile ya tatu ya kijana wangu niliisahau kabatini nyuma ya paketi za sukari mpaka Pasaka. Machungwa yalikuwa yameondoka yote. Ilibaki nyeusi, chungu, na ladha ile ile ya boksi lililolowa niliyolipwa mshahara miaka kumi na tisa kuitafuta. Niliinywa hivyo hivyo kwa hasira.

Ifungue wiki hii. Itoe kwenye friji, iache dakika ishirini mezani, imimine kwenye glasi yenye tumbo bila kuijaza. Nusa kwanza: balungi, msonobari, pengine embe bichi. Funda la kwanza limeze bila kulihukumu. La pili, ngoja. Itakuja chokoleti chungu, kisha sukari guru iliyoungua kidogo, na halafu kabisa, ukishaweka glasi chini, hopsi zinapanda. Kifuani utasikia joto, hiyo ni pombe. Mpe mumeo funda moja tu, na simama kati yake na sinki.

Na mgawane kweli. Chupa ya mililita 355 yenye asilimia 8.5 ina mililita 30 za pombe tupu. Kilimanjaro ya nusu lita, asilimia 4.5, ina 22.5. Chupa ndogo imeipita kubwa, na atakayeshika usukani anywe soda.

*

*Hujambo Mama. Nilisoma Dublin miaka mitatu na huko Guinness ni laini kama maziwa, unakunywa huku unapiga stori. Nimerudi nyumbani, naagiza Guinness, inaniuma ulimi. Rafiki zangu wanasema ya Dublin ndiyo halisi na ya Afrika ni ya kuigiza. Ni kweli? – Mrudi wa Eldoret*

Sijambo, baba. Rafiki zako wamekaa baa muda mrefu bila kusoma lebo.

Hizo ni bia mbili tofauti zenye jina moja la ukoo. Arthur Guinness alikodi eneo la St. James's Gate, Dublin, mwaka 1759, kwa mkataba wa miaka 9,000 na kodi ya pauni 45 kwa mwaka (mwenye nyumba wangu angezimia). Mwaka 1801 kiwanda kiliandika mapishi ya bia ya kupelekwa visiwa vya Karibiani, West India Porter: hopsi nyingi zaidi na pombe zaidi, ili ivumilie wiki za baharini ndani ya joto. Hopsi zinazuia wadudu wanaochachusha bia ikawa siki, na pombe inasaidia kazi hiyo hiyo. Kutoka hapo ndipo ilipotoka Foreign Extra Stout, ambayo ndiyo babu wa chupa unayopewa Eldoret. Kwa hiyo inayokuuma ulimi ina nasaba ya zaidi ya miaka mia mbili. Ile laini ya Dublin ndiyo mtoto: ilizaliwa mwaka 1959, pale Michael Ash, mtaalamu wa hesabu aliyeajiriwa na kiwanda, alipofanikisha kutumia gesi ya naitrojeni kwenye bia.

Naitrojeni ndiyo inayokupa maziwa. Vipovu vyake ni vidogo sana, vinafanya povu zito kama krimu, na havina ule ukali wa gesi ya kawaida. Bia ya chupa uliyo nayo Eldoret ina gesi ya kawaida, ile ya soda, na yenyewe inaongeza uchachu unaochoma. Juu ya hapo weka shayiri iliyokaangwa. Guinness wanataja nyuzi 232, na shayiri yao hiyo haioteshwi kwanza, ndiyo maana ladha yake ni kahawa kavu kuliko chokoleti. Weka tena hopsi, na pombe. Ya bomba ya Dublin ni asilimia 4.2, sawasawa na Tusker, ingawa nani angeamini akiziangalia? Foreign Extra Stout ya kimataifa ni 7.5, na ya Kenya nimezoea kuiona imeandikwa 6.5. Soma yako. Rangi haipimi nguvu hata siku moja. Weusi unatoka kwenye kikaango, nguvu inatoka kwenye sukari iliyoliwa na hamira.

Kuhusu "kuigiza": Afrika ilianza kuipika yenyewe muda mrefu, Lagos tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nigeria ilipozuia shayiri kutoka nje miaka ya 1980, mafundi walihamia kwenye mtama na mahindi, na wanywaji waliendelea kuipenda. Katika nchi nyingi kinachotoka Ireland ni maji mazito meusi, kiini chenye ladha ya kukaangwa, yanayochanganywa na bia iliyopikwa hapo hapo. Sioni aibu yoyote. Anayepika pilau kwa mchele wa Kyela na karafuu za Pemba hajaigiza pilau.

Jaribu hivi. Nunua chupa moja ya nyumbani, iache ipoe kidogo tu isiwe ya barafu, imimine kwa nguvu katikati ya glasi ili gesi itoke, ngoja povu litulie, rudia. Meno yake yatapungua. Na utagundua kitu ambacho ya Dublin haina: zabibu kavu, ngozi ya kiatu kipya, uchungu mrefu wa mwisho. Mimi kati ya hizo mbili ninachagua ya nyumbani, na si kwa uzalendo. Ile laini baada ya nusu glasi inanichosha kama mgeni anayekubali kila unachosema.

*

*Shikamoo. Wifi yangu ni mjamzito wa miezi sita, zahanati wamemwambia damu ni ndogo. Mama mkwe anataka anywe stauti nusu chupa kila jioni, anasema inaongeza damu. Nimwambieje mkubwa? – Wifi wa Mbezi*

Marahaba. Mwambie kwa upole lakini leo: hapana, hata kijiko.

Pombe inamfikia mtoto tumboni. Na damu yenyewe haimo. Glasi kubwa ya Guinness ya Dublin ina madini ya chuma kama miligramu 0.3. Vidonge ambavyo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mjamzito vina 30 hadi 60 kwa siku. Piga hesabu ya glasi mwenyewe. Imani hii haikuzaliwa kwa mama mkwe. Waayalandi wenyewe waliwapa wazazi stauti, na tangazo la mwaka 1929 Uingereza lilisema wazi kwamba Guinness ina faida kwako. Rangi nyeusi inasadikika kirahisi. Basi wifi arudi kliniki, ameze vidonge alivyopewa, ale maini, maharage na dagaa, na mchicha wake aukamulie ndimu. 

*

*Mama, nina ekari nne Njombe, baridi kali, ardhi nzuri. Nimesikia hopsi zinanunuliwa kwa dola. Nipande? – Mkulima Mpya*

Usinilaumu kwa kukukatisha tamaa. Baridi unayo, udongo unao, kinachokosekana ni jua la saa tatu usiku. Ninatania, lakini kidogo tu. Hopsi zinafuata urefu wa mchana. Zinataka majira ya joto yenye mchana mrefu sana ili zipande nyaya mita tano au sita, kisha mchana ukianza kufupika ndipo zinachanua. Ndiyo maana utazikuta Kent ya Uingereza, Hallertau ya Bavaria, bonde la Yakima huko Washington, zote mbali na ikweta. Njombe mchana wa Desemba na wa Juni hautofautiani hata kwa saa moja na nusu. Mmea hauelewi ni mwezi gani. Unaweza kuota, ukachanua ukiwa mfupi, ukakupa maua ya kujaza kofia.

Afrika Kusini wanalima, karibu na mji wa George, na hao wako kusini sana kuliko wewe. Hata hivyo zamani walilazimika kuwasha taa mashambani ili kuurefusha mchana, mpaka watafiti wao walipopata mbegu zinazokubali. Kama una pesa ya kuwasha taa ekari nne usiku kucha, sidhani kama ungekuwa unaniandikia. Parachichi zako ziache zilipo. Na kama unautaka uchungu wa kuuza, nenda Kilimanjaro ukaulize habari za msesewe, maana miti inakatwa magome mpaka inakufa na wapandaji ni wachache.

*

*Mama Kipimo, nisaidie kumaliza ubishi. Baa nikiulizwa "ya moto au ya baridi", stauti mimi naagiza ya moto. Rafiki yangu ananicheka, anasema ni ushamba wa kijijini ambako hakukuwa na friji. Yeye anatia hadi vipande vya barafu. Na je, niile na nini? – Bwana Moto, Temeke*

Nyote wawili mmekosea, ila wewe umekosea kidogo.

Wasomaji wa mbali waelewe kwamba "moto" hapa ni ile iliyokaa kwenye kreti, haijapashwa. Baridi kali inaua harufu na kuacha uchungu peke yake mezani, kwa hiyo rafiki yako analipia chokoleti, kahawa na hopsi, halafu anakunywa uchungu mtupu. Barafu ni dhambi nyingine: inayeyuka, na bia nzito ikitiwa maji inafunguka vibaya, unabaki na maji ya kusuuzia sufuria iliyoungua. Lakini Temeke mwezi wa Februari kreti lina nyuzi thelathini. Hapo pombe inapanda puani kabla ya kitu kingine chochote, na bia inatoka povu jingi kama umeitikisa. Bia nyeusi yenye nguvu inapendeza kwenye nyuzi 10 hadi 13. Kibosho mwezi wa Julai, usiku, kreti lenyewe linakupa karibu hicho. Kwenu, agiza ya baridi, halafu iache mezani huku mnabishana. Ubishi wenu unaonekana unatosha dakika ishirini.

Chakula: nyama choma, na usiogope ile iliyobabuka pembeni. Weusi wa mkaa na weusi wa kikaango wanatambuana. Mbuzi ni mzuri. Mwenye kula kitimoto basi ndiyo haswa, kwa sababu mafuta yanapaka ulimi na uchungu wa hopsi unayakata, kila funda linakurudisha kwenye nyama. Chumvi usiibane, inapunguza uchungu. Pilipili ndiyo adui. Pilipili na pombe ya asilimia nane zinachochea moto mmoja, na hopsi zinazidi kuchongoka. Nimeona mtu mzima akilia Sinza akadai ni moshi. Ndizi za kukaanga ziwepo, utamu wake unajaza pale bia ilipoacha pengo. Baadaye, badala ya chupa ya pili, kipande cha kashata au chokoleti chungu ya kakao ya Kyela. Mimi hupenda kashata ya karanga iliyoungua kidogo, ile ambayo muuzaji anaiweka pembeni akidhani hakuna atakayeitaka.

Rafiki yako mwambie kitimoto alipe yeye, na kile kibakuli cha barafu akirudishe kaunta kabla hujafika.